Siku tuliyoinua uso wa Mama Safari

Siku ya kuniaga, ninyi wenzangu wa thieta ya upasuaji mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye mmetoka kumwambia kwamba hana tena haja ya kuwahi popote. Baada ya pilau na soda, Nesi Glori, mdogo wenu kuliko wote, akanisogezea simu yake. Kulikuwa na picha mbili za mama mmoja wa ughaibuni. Katika ya kwanza mashavu yamelegea. Katika ya pili yamevutwa juu na kukazwa.

"Mama, wanamkata hapa mbele ya sikio, wanainua ngozi, wanaivuta, wanashona," Glori akanieleza. "Sisi huku tutaanza lini?"

Nikamwambia tulishaanza zamani, tena hapahapa Babati, enzi za kugawana mche wa sabuni kwa kuukata na uzi. Wote mkacheka mkidhani natania. Sasa nina muda na nina saa ya ukutani, kwa hiyo nitawaandikia ilivyokuwa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mliikuta wenyewe.

Nilipangiwa thieta nikiwa na miaka ishirini na mitatu, wakati sisi wa Babati tukiwa bado mkoa wa Arusha. Siku ya kwanza nilikuja na viatu nilivyovipaka chaki, maana rangi nyeupe ya viatu haikuwepo dukani, kama ambavyo sukari haikuwepo, wala khanga, wala betri za redio. Muuguzi mkuu wa thieta alikuwa Mama Elibariki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna daktari aliyethubutu kuikatiza. Alivitazama viatu vyangu, akanitazama mimi.

"Hivyo vitabadilika rangi kabla ya saa sita," alisema. "Njoo tuzibe glovu."

Nyie mnachomoa glovu kwenye boksi na kuzitupa. Sisi tulizifua, tukazijaza maji kuona panapovuja, tukazianika kwenye kamba, tukazibandika viraka vilivyokatwa kwenye glovu zilizokufa kabisa, tukazipaka poda na kuzirudisha kwenye chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu. Shashi za kufutia damu zilifuliwa na kuchemshwa mpaka zikawa laini kuliko nguo za mtoto. Sindano zilinolewa kwenye kijiwe ambacho Mama Elibariki alitoka nacho kwao Dareda, na ambacho hakuruhusu mkono mwingine ukiguse. Umeme ukikatika, chungu kilipandishwa kwenye jiko la mafuta ya taa. Mafuta yakikosekana, tuliwasha kuni nje, nyuma ya stoo. Nilijifunza ufundi mwingi kwa sababu ya kukosa vitu, ingawa simtakii yeyote kati yenu ajifunze kwa njia hiyo.

Tatizo langu lilikuwa udadisi. Nilitaka kujua kila kilichoko chini ya ngozi, na kwa nini kiko hapo. Zaidi ya yote nilipenda nyuso. Nilikuwa nikisimama foleni ya sukari kwenye duka la ushirika nawatazama watu na kujiuliza ni msuli upi unaovuta mdomo wa yule, na kwa nini yule mwingine anaonekana amekasirika hata akiwa amesinzia. Mama Elibariki aliniambia siku moja nitapigwa kofi kwa kukodolea watu macho, na nitajifunza msuli wa shavu kwa vitendo.

Daktari wetu wa kawaida alifanya upasuaji wa kawaida. Kwa kazi za uso alikuja bingwa kutoka hospitali kubwa ya mkoa mwingine, kwa kindege cha misheni, mara mbili au tatu kwa mwaka kama mafuta ya ndege yamepatikana. Sisi tulimwita Bingwa tu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye haraka, na aliongea kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alishona midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, akatengeneza shingo zilizoungua kwa uji na moto, na nyuso za watu walioumwa na fisi. Kwa kuwa alizungumza upesi, na kwa kuwa mimi nilijua Kiiraqw, lugha ya wengi wa wagonjwa wetu, Mama Elibariki alinipa kazi ya kukaa na kila mgonjwa wa uso na kumweleza atarajie nini. Niliandika yote kwenye daftari la kurasa arobaini na nane, nikaona fahari kubwa. Katika ukurasa wa kwanza nilichora sikio.

Mama Safari alikuja katika ziara ya tatu ya Bingwa tangu nianze kazi. Alikuwa mkulima wa Mutuka, mwenye umri wa miaka kama arobaini na tano, mwembamba, amenyoa upara safi na kujitanda shuka jeusi. Sikio lake la kushoto lilitoa usaha tangu ujana. Mwishowe usaha ulikauka, lakini uliondoka na mshipa unaoamrisha uso. Upande wa kushoto ulikuwa umelala kwa miaka minne: shavu limening'inia, kona ya mdomo imeshuka, jicho halifumbi vizuri na linatoa machozi lenyewe. Chai aliinywa huku amebana mdomo kwa vidole viwili.

Bingwa alimgeuza huku na huku dirishani.

"Mshipa siwezi kuufufua," alimwambia. "Lakini uso naweza kuuinua. Nitakata mbele ya sikio, nizungushe nyuma, nipande juu kwenye nywele. Nitalegeza ngozi na kuivuta, inayozidi nitaikata. Na nitachukua ukanda mgumu kwenye paja lako, nitauzungusha kwenye kona ya mdomo na kuufunga huku juu, ushikilie. Kovu hutaliona, litajificha kwenye nywele."

Kisha akachovya njiti ya kiberiti kwenye dawa ya zambarau, tuliyoitumia badala ya kalamu, ili amchoree mstari. Njiti ikasimama hewani. Nywele za kuficha kovu hazikuwepo.

"Mama, fuga nywele," alisema hatimaye. "Nikirudi tutafanya. Na ugoro uache leo. Tumbaku inanyima ngozi damu, na ngozi niliyoilegeza ikikosa damu inakufa, inakuwa nyeusi na kudondoka."

Mama Safari akaitikia kwa kichwa. Mkono wake, nikauona, ulikuwa tayari kwenye kikopo cha ugoro ndani ya shuka.

Basi ikawa kila siku ya mnada anapitia hospitali, tunakaa kwenye benchi la nyuma ya stoo, mimi na daftari langu. Nilimwambia atafanyiwa kwa ganzi, akiwa macho, na atasikia mkasi karibu na sikio kama mtu anayekata kitambaa, bila maumivu. Nilimwambia atavimba mpaka jicho lizibe, na damu itavilia, iwe zambarau, kisha kijani, kisha njano, ishuke hadi shingoni. Tutamwekea mpira mwembamba wa kutolea damu kwa siku mbili. Atalala ameegemea mito, si chali wala ubavu. Sikio litakuwa na ganzi kwa miezi, pengine moja kwa moja, asije akaliunguza bila kujua. Paja litauma kuliko uso, jambo ambalo wote hushangaa. Hatabeba ndoo kichwani, hatainama kupalilia, hatapuliza moto, hatatafuna mahindi ya kuchoma, na kwa wiki mbili asicheke. Nilimwambia pia kuwa Bingwa huvuta kupita kiasi, kwa sababu uso ukishapona hushuka tena kidogo. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, hata wa pili, upande ule utaonekana umepanda, kama mtu anayetabasamu.

Hapo ndipo aliponikatisha kwa mara ya kwanza.

"Kutabasamu muda wote?"

"Muda wote, mama. Lakini inashuka."

"Hata nikiwa sitaki?"

"Hata ukiwa umelala," nikasema kwa furaha, maana nililiona jambo la kupendeza. Akalivuta shuka hadi shavuni. Mimi nikafungua ukurasa uliofuata.

Ugoro ulimtesa. Wiki ya pili alikuja amekasirikia kila mtu, pamoja na mbuzi. Wiki ya tano alinikabidhi kikopo chenyewe nikitunze, na kila mnada aliomba akinuse kidogo tu kikiwa kimefungwa. Nywele zikaota, nyingine nyeusi, nyingine nyeupe, na nilikuwa nikizipima kwa kidole kama mtu anayekagua majani ya ng'ombe. Katika muda wote huo nilijiuliza kwa nini mama huyu anajipa taabu yote hii. Nikaamua mwenyewe ni urembo, au mume. Niliwaza sana, lakini kumuuliza hakukunijia hata siku moja, na mimi ndiye niliyejiita mdadisi.

Bingwa alikuwa anatarajiwa Jumatano. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, Mama Safari akaingia uani. Alivua shuka kichwani. Alikuwa amenyoa.

Nilimrukia kabla hata ya shikamoo. "Mama! Umefanya nini? Miezi mitano! Siku sita tu zimebaki!"

"Mama yangu amefariki," alisema. "Tumemaliza matanga juzi. Tumenyolewa."

Nikampa pole, lakini niliitoa kama mtu anayelipa nauli. Nikaendelea kumgombeza. Nilisema angewaeleza wazee wa ukoo, wangeelewa, hospitali ni sababu. Nilisema Bingwa atakataa, na ndege ikiondoka nani anajua kama itarudi. Mama Elibariki alikuwa anaanika glovu hatua chache kutoka pale, na niliona amesimama na glovu moja mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

Mama Safari akasubiri nimalize. Kisha akaacha Kiswahili, akaniambia kwa Kiiraqw, polepole.

"Mwanangu, baba yangu alipokufa, uso huu ulikuwa na miezi mitatu. Nililia. Upande huu hausogei, upande huu mwingine unavuta kwenda juu. Unajua nilionekanaje? Wakasema binti wa marehemu anacheka. Shangazi yangu alinitoa pale mbele ya watu. Tangu siku hiyo siendi msibani. Nawapikia watu nyuma ya nyumba, nimejifunika. Sasa mama amekufa. Uso wangu hauwezi kumlilia. Kichwa kilikuwa kinaweza. Ungeninyima na kichwa?"

Kwa miezi mitano nilikuwa nimekaa na mtu huyu benchi moja, nikimweleza uvimbe, nyuzi na mito, na nikamchangamkia kwamba atatabasamu hata usingizini. Niliona aibu, na hadi leo nikiandika naiona. Mama Elibariki alikuja akakaa kati yetu, akamshika Mama Safari mkono, akamwambia, "Pole, mama. Tuambie alikuwa mtu wa namna gani." Ndivyo pole inavyotolewa. Walizungumza mpaka glovu zikakauka.

Jumatano mvua ilinyesha, lakini kindege kilishuka, baada ya watu kufukuza ng'ombe kiwanjani. Bingwa alipomwona Mama Safari alikunja uso.

"Haiwezekani. Kovu litakuwa nje kama barabara. Tusubiri safari ijayo."

Rubani, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, akasema yeye hawezi kuahidi safari ijayo. Mafuta aliyonayo ni ya kurudia tu. Sheria ya Mama Elibariki ilikuwa kwamba nesi mdogo hasemi mbele ya bingwa mpaka aulizwe. Nilimtazama Mama Elibariki. Akainua kidevu kidogo, kunielekeza mbele.

"Daktari," nikasema, "huyu mama hatafuti kuficha kovu. Anataka aweze kulia msibani bila kuonekana anacheka." Nikamweleza yote, ya baba yake na ya mama yake.

Bingwa akavuta stuli, akakaa chini mbele ya Mama Safari. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Mama, kovu litaonekana na kila mtu," akamwambia, safari hii taratibu.

"Kovu halicheki," alisema Mama Safari.

Bingwa akajikuna shingo. Akasema basi tatizo ni lingine. Kawaida, akishafunga ukanda wa paja, humwomba mgonjwa atabasamu, halafu analinganisha pande mbili na kukaza zaidi kidogo. Akifanya hivyo kwa huyu, atampa tabasamu la miezi miwili. Asipokaza, uso unaweza kushuka tena baada ya miaka michache. Mama Safari akauliza, miaka michache ni mingapi. Bingwa akasema hajui kwa kweli. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo. Mama Safari akasema, "Usinikazie tabasamu. Ikishuka, imeshuka."

Tulimlaza saa nne asubuhi. Umeme ulikuwepo, tukashukuru. Mama Elibariki alishika vyombo, mimi nilishika kulabu mbili ndogo za kuinulia ngozi. Glori, ulitaka kujua kuna nini pale chini. Ngozi ya shavu ikishalegezwa inanyanyuka kama ganda la chungwa lililoiva, na chini yake kuna mafuta ya njano na utando mweupe unaong'aa. Ni pazuri. Bingwa aliinua, akafunga mishipa ya damu mmoja baada ya mwingine bila haraka, akapitisha ukanda wa paja kwa sindano ndefu kutoka kwenye kona ya mdomo hadi juu ya sikio. Mama Safari alikuwa macho, ametulia, akiuliza mara moja tu kama mvua imekatika, kwa sababu ya maharage yake.

Tukafika mahali pa kufunga. Bingwa alishika ncha ya ukanda kwa koleo. Kwa mazoea akafungua mdomo kusema tabasamu, akaufumba. Akanitazama mimi.

"Mwambie alie," alisema.

Niliinama karibu na sikio lake la upande wa pili. Nilimwambia kwa Kiiraqw, "Mama, mkumbuke mama yako. Hapa hakuna mtu atakayesema unacheka. Mlilie."

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu kifua kikaanza kupanda na kushuka chini ya shuka la kijani. Akalia, si kwa sauti kubwa, lakini kwa kilio kile kilichokaa miaka minne nyuma ya nyumba. Upande wa kulia ukavuta juu kama alivyosema, na Bingwa, akiwa ameinamia uso ule, akaupandisha ule wa kushoto polepole, akaurudisha chini kidogo, akaupandisha tena, mpaka pande zote mbili zikawa zinalia. "Hapo," akasema. Akafunga fundo. Mikono yangu ilikuwa na kulabu, machozi yangu yakatiririka ndani ya barakoa, na Mama Elibariki akanifuta kwa shashi safi, shashi ambayo kila siku alitukataza kuipoteza kwa upuuzi.

Yaliyofuata yalikuwa yaleyale ya daftari. Alivimba, jicho likaziba, akawa zambarau na kijani na njano. Paja lilimuuma, akalilaani. Sikio halikurudi kuhisi. Kioo Mama Elibariki alikuwa akikificha ndani ya ndoo ya bandeji mpaka siku ya nane, kwa wagonjwa wote wa uso, na siku ya nane alikitoa mwenyewe. Mama Safari alijitazama muda mrefu. Hakutabasamu wala hakulia. Aliomba kikombe cha chai, akainywa bila kutumia vidole, tone moja likadondoka, akasema inatosha. Kisha akaomba kikopo chake cha ugoro. Nilimwambia bado wiki nne, akaniita jina ambalo sitaliandika.

Bingwa hakurudi tena kwa zaidi ya mwaka. Mimi nilichana ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa sikio, nikaandika upya swali moja tu: umekuja kutafuta nini? Nimemuuliza hivyo kila mgonjwa hadi wiki niliyostaafu, kabla ya kumwambia lolote kuhusu uvimbe. Nyie mnaliona ni swali la kizembe, mtu kaja na kidonda unamuuliza kaja kutafuta nini. Liulizeni hivyohivyo.

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki, kwetu Nakwa. Siku ya maziko nilikaa kwenye mkeka na wanawake, kichwa kizito, sisikii vizuri. Mtu akaja akakaa kushoto kwangu, akanishika bega. Alikuwa Mama Safari. Alikuwa kichwa wazi, nywele fupi, na kovu lake limepanda mbele ya sikio hadi juu, waziwazi, mwanamke wa mkeka wa jirani akilikodolea macho. Jeneza lilipotolewa ndani, akaanza kulia pamoja nami.

Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya msiba wa baba yangu, nikageuka kutazama kona ya mdomo wake. Ilikuwa imeshikilia. Ulikuwa uso wa mtu anayelia, pande zote mbili.

Akaniona ninavyotazama.

"Unakagua?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama."

"Basi kagua, mwanangu. Ukimaliza, tumlilie baba."